Mwaka wa Kikao cha Kusimama

Doto alinipigia simu asubuhi, nikiwa nachambua maharage, akaniambia mama yao, yeye na pacha wake Kulwa, amefariki na wanamzika kesho kijijini kwao Choma. Hakunialika, maana msibani hakualikwi mtu. Alinipa habari tu, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Kulwa amekutaja, dada Sesilia." Niliketi na simu mkononi muda mrefu, maharage yakiwa mapajani. Sikuwa nimemwona Kulwa tangu siku ile alipopanda basi la kurudi kwao, na binti yangu, ambaye wakati huo sikuwa hata nimemwota, sasa ananizidi urefu. Nilikuwa nimempigia simu Kulwa mara kadhaa katika miaka ya mwanzo. Kila mara aliniambia hajambo, na mimi nilimwambia sijambo, na baada ya hapo kila mmoja alitafuta namna ya kuaga. Kwenda nilikuwa sijakwenda. Nilifunga kanga mbili na sweta kwenye mkoba, nikalala mapema, na njia nzima ya Nzega hadi Igunga nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka ambao ningeweza kuuchora chumba kwa chumba kama ningekuwa na mkono wa kuchora.

Tulikuwa waajiriwa wa shirika moja la wakulima pale Tabora, kubwa kiasi kwamba mtu aliweza kustaafu bila kuingia vyumba vyote vya jengo lake. Jina silitaji. Lilikuwa na matawi kuanzia Igunga hadi huko Urambo, na kila tawi lilituma karatasi: mkulima gani analima nini, anahitaji mbegu gani, amevuna kiasi gani. Karatasi zilifika masijala, zikatiwa kwenye faili, faili likapanda ngazi hadi kwa afisa, likashuka, likapanda tena likiwa na dokezo la wino mwekundu, na miaka mingine mbegu zilitoka ghalani mvua za kupandia zikiwa zimekwisha kukatika. Ndiyo maana wakubwa waliamua tutengenezewe mfumo wa kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na matawi na kueleza wanataka nini. Kulwa aliajiriwa kuuandika mfumo wenyewe. Alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja, na ahadi ya mdomo kwamba mfumo ukizinduliwa salama atapewa ajira ya kudumu. Alitoka kwa wafugaji wa Choma, kijana mrefu, mkimya, pacha wa Doto, na alikuwa mwandishi wa programu hodari kuliko wote niliowahi kukaa nao meza moja. Nasema hivyo bila kumpamba, kwa sababu alikuwa pia mbishi na mchoyo wa karanga.

Chumba chetu kilikuwa stoo zamani, na kila mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ya tumbaku iliyowahi kulala humo. Dirisha lilitazama ile njia ya kale ya misafara, ambayo sasa ni barabara ya kawaida yenye fundi cherehani na duka la simu. Ukuta wa kututenga na ofisi ya Meneja ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo tulisikia chai yake ikikorogwa. Humo ndimo alimoingia Edgar, mshauri kutoka Dar es Salaam, amevaa raba na shati lisilochomekewa, akatuambia kuanzia siku hiyo tutafanya kazi kwa Ajaili, njia ya Wazungu ya kutengeneza programu. Alieleza vizuri, sikatai. Alisema mashirika makubwa hukaa miaka yakichora mpango mzima kwenye karatasi, na siku wanapomaliza, dunia imeshahama. Sisi tutajenga kidogo kidogo, majuma mawili mawili, kila kipande tukionyeshe kwa watumiaji, tusahihishe, tuendelee. Akasema watu wa Tabora wana Ajaili kwenye damu, kwani misafara ilikwendaje Ujiji kama si kituo kwa kituo, kila siku na mzigo wake? Tulimpigia makofi. Mchana nilimsimulia Bi Zuhura, mama aliyetuuzia chakula mtaa wa Mtendeni, ambaye babu zake walikaa mjini pale tangu zama hizo hizo za misafara. Alikuwa anasonga ugali, na hakuacha kusonga. "Na wapagazi waliofia njiani," akauliza, "huyo mgeni wenu amesema walizikwa kituo gani?"

Akina mama wa masijala walisikia Ajaili wakaona ni neno lililokosewa, wakalisahihisha. Wakaiita Ajali. "Leo mmeshapata ajali yenu?" walituuliza kila asubuhi tukipita mlangoni kwao, na sisi tulicheka kila asubuhi.

Ajali yenyewe ilikuwa kikao cha kusimama. Tulisimama duara, dakika chache tu, wote wima ili mtu asinogewe na maneno, na kila mmoja akajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na nini kinakukwamisha. Kikao cha kwanza kiliharibika kabla ya swali la kwanza. Meneja aliingia amechelewa, tukamwamkia mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, hadi duara likaisha. Halafu akavuta kiti akaketi, maana hakuwahi kuona mkubwa akipangwa wima pamoja na walio chini yake. Akaingia mama wa uhasibu, mtu mzima, mshiriki wa Moravian, mwimbaji wa kwaya, na shikamoo zikaanza upya. Edgar akatazama saa. Akasema kwa upole kwamba tukiingia kwenye duara tusahau shikamoo, kwa kuwa humo wote tuko sawa. Yule mama alimwangalia raba zake, akapanda taratibu hadi usoni. "Mwanangu," akamwambia, "hiyo sawa yenu ianzie huko kwenu." Siku iliyofuata hakuja, na hakuja tena mwaka mzima.

Lakini si shikamoo iliyotuangusha. Kilichotuangusha ni swali la tatu, na nimelifikiri swali hilo katika maisha yangu kuliko mistari ya katekisimu. Kwetu mtu akikuuliza habari unajibu nzuri. Unajibu nzuri hata kama umetoka makaburini. Kisha mnakaa, mnaletewa maji, mnaulizana watoto na mvua, na hapo ndipo mwenye habari anasema "ila". Nyumbani wote salama, ila mtoto hajala siku ya pili hii. Mifugo haijambo, ila wameingia wezi. Habari yote imo kwenye ila, na ila haifiki kabla watu hawajaketi. Sasa Edgar alituuliza tukiwa wima, mbele ya Meneja aliyeketi, huku mkono wake uko kwenye saa. Swali lake tulilisikia kuwa ni salamu, na salamu tukaijibu inavyojibiwa. Nini kinakukwamisha? Hakuna. Nini kinakukwamisha? Hakuna, tunaendelea vizuri. Duara lilizunguka kwa hakuna, tukatawanyika kila mmoja na ila yake mfukoni.

Edgar hakuwa mjinga. Aliliona hilo kabla ya mwezi kuisha, akatuletea vikaratasi vya kubandika ubaoni: vya njano kwa kazi iliyopo, vya kijani kwa iliyokwisha, na vyekundu kwa anayekwama. Akasema asiyeweza kutamka na aandike. Na kwa majuma machache kazi ilinoga, lazima niseme hivyo, kwa sababu wapo wanaodhani namchukia Edgar na njia zake. Nilikwenda Sikonge na kipande cha mfumo kisichozidi kurasa mbili, karani wa tawi akakijaribu, akaniambia hiki hapa hakifai, kile pale kizuri, na baada ya majuma mawili nikarudi nacho kimetengenezwa kama alivyotaka. Yule karani, mtu mzima, alishika tumbo akicheka. Hakuwahi kuomba kitu makao makuu akakipata kabla hajasahau kwamba alikiomba. Kulwa, aliyefuatana nami, aliandika njia nzima ya kurudi, kompyuta magotini, gari likiruka makorongo, na nilimwona ana furaha.

Kisha nikabandika chekundu changu. Niliandika: tawi la Igunga halijaleta majina ya wakulima. Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua ni kweli. Meneja akakisoma, na kesho yake nikakuta mezani bahasha yenye barua ya kujieleza. Nilitakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kulidhalilisha tawi hadharani. Mkuu wa tawi lile, nilikuja kuambiwa na masijala, alikuwa shemeji yake Meneja. Kulwa alivuta kiti akaketi karibu yangu nilipokuwa naandika majibu. "Samahani andika mara mbili," akaninong'oneza. "Ukiandika ya tatu wataona unawacheka." Kupitia ukuta wa mbao tulimsikia Edgar akinitetea. Alisema nyekundu ndiyo inayotusaidia, bila nyekundu ubao ni pambo. Meneja alikoroga chai yake. "Kijana, wewe utaondoka," akasema, "mimi nitabaki na hawa. Nyekundu ikionwa na Mkurugenzi, anayeulizwa ni mimi."  Kijiko kikaendelea kuzunguka kikombeni.

Baada ya hapo hapakuonekana tena chekundu ubaoni. Akina mama wa masijala walikuja wakaziomba zile karatasi nyekundu, wakaziandika majina yao na kuzibandika kwenye vikombe vyao vya chai. Meneja alianza kuwaleta wageni chumbani kwetu kuwaonyesha ubao uliojaa kijani. Wakati mwingine tulimsikia kwenye simu na Mkurugenzi: "Hapana, mkuu. Hatuna tatizo hata moja. Wanasimama kila asubuhi."

Mambo ya Kulwa nilianza kuyaona mezani kwa Bi Zuhura. Pale tulikula ugali na mlenda, siku nyingine dagaa wa Kigoma, na siku ya bahati nsansa, yale majani makavu ya kunde, zilizoungwa kwa karanga. Kulwa alikuwa na mikono ya adabu, lakini kiangazi kile alianza kutumbukiza tonge kwenye bakuli langu badala ya lake. Mara moja aliinuka akakanyaga jiko la mkaa lililokuwa pembeni ya mguu wake, mahali ambapo lilikaa siku zote, na Bi Zuhura akapiga kelele. "Mwanangu, macho umeyaacha ofisini?" Kulwa akacheka, akasema ni mawazo ya kazi. Ofisini alikuwa amezikuza herufi za kompyuta hadi maneno machache yakajaza kioo kizima, na akipita kwenye korido bega lake lilisugua ukuta. Alitazama mbele sawasawa. Vya mbele aliviona; vya pembeni ndivyo vilivyokuwa vinakufa, na hakuna aliyejua kama kuna ugonjwa unaoanza hivyo, bila kuuma, bila wekundu, unakula kutoka ukingoni kuja katikati.

Nilimwambia akapime. Tulikuwa tunatafuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, aliyoletewa na Doto kutoka nyumbani, tumekaa kwenye ngazi za nyuma. Akasema atakwenda baada ya uzinduzi. Nikamwambia aombe siku moja tu. Akanieleza taratibu, anavyoeleza mtu aliyekwisha kulipima jambo: akiomba ruhusa ya ugonjwa itasomwa na Meneja, na Meneja atajiuliza nani ataumalizia mfumo, na mkataba wake hauna mahali panaposema mtu asiyeona vizuri atangojewa. "Nyekundu yako ilikuwa ya Igunga, na bado uliandikiwa barua," akasema. "Yangu itakuwa ya mwili wangu. Nitajielezaje?" Nikamwambia hata hivyo. Akasema, "Si miwani tu, Sesilia? Miwani haikimbii." Niliamini ni miwani. Hata hivyo sikunyamaza. Nilimfuata Edgar nikamwambia kijana wako haoni. Edgar alisikitika kwa kweli, alishika kichwa, akaniambia mgeni rasmi ameshathibitisha kuja, na mara tu baada ya uzinduzi atampeleka Kulwa mwenyewe kwa mtaalamu Dar es Salaam. "Tuiweke kwenye kipande kinachofuata," akasema. Sidhani alisikia alichosema. Alikuwa amezoea kuzipanga kazi hivyo, na macho ya Kulwa yakapangwa nazo.

Sherehe ya uzinduzi ilikuwa ukumbini, kwenye viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, ngoma nje, soda mezani. Kulwa ndiye aliyetakiwa kuuonyesha mfumo mbele ya mgeni rasmi, ukirushwa ukutani. Alikuwa amejiandaa. Kwa kuwa mshale wa kompyuta hakuuona tena, aliukariri mfumo wake wote kwa vidole: hapa bonyeza, shuka mara mbili, bonyeza. Nilimtazama akifanya mazoezi siku nzima ya jana yake, na hakukosea. Lakini asubuhi ile Meneja alikumbuka kwamba ukurasa wa kwanza hauna picha ya mgeni rasmi. Edgar, ambaye tangu siku ya kwanza alitufundisha kwamba mabadiliko yanakaribishwa hata dakika ya mwisho, akaiweka picha mwenyewe, juu kabisa, na vyote vilivyokuwa chini yake vikashuka. Hakuna aliyemwambia Kulwa. Walidhani ataona.

Kulwa akabonyeza mahali palipokuwa na orodha ya wakulima, na picha ya mgeni rasmi ikafunguka ikajaza ukuta. Watu wakapiga makofi. Kulwa akasema, kwa sauti aliyoiandaa, "Hawa ndio wakulima wetu wa Igunga." Ukumbi ukacheka, mgeni rasmi naye akacheka. Akarudi nyuma, akabonyeza tena, picha ikajaa tena, akasema, "Na hapa mnaona mbegu walizoomba." Wakati huo kicheko kilikuwa kimepungua. Mara ya tatu hakucheka mtu. Meneja aliinuka kwenye kiti chake cha mbele akamwambia kwa meno yaliyofungwa, "Wewe, unafanya nini?" Kulwa aliacha kompyuta. Akageukia ukuta, akatembea mikono ikiwa mbele, akaugusa kwa kiganja, uso wa mgeni rasmi ukiwa mgongoni mwake na shingoni mwake, akipapasa kama vile mfumo wake ungekuwa pale kwenye rangi. Nilimfuata nikamshika mkono.  Nilimtoa nje kwa mlango wa pembeni, na nyuma yetu nilimsikia Edgar akishika kipaza sauti na kusema ni hitilafu ndogo ya mitambo.

Daktari wa macho niliyempeleka kwake alikuwa mwanamke wa makamo, mkali kidogo. Alimtia matone, akamwekea taa, akampima muda mrefu, akaandika, akapima tena. Alisema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki tundu dogo katikati, na hilo atajaribu kulichelewesha kwa dawa, hawezi kuahidi. Kilichokwisha kufa hakirudi, wala kwa miwani wala kwa upasuaji. Akamuuliza ilianza lini. Kulwa akasema tangu kipupwe. "Mwanangu, kipupwe chote na kiangazi chote?" daktari akasema. "Ungekuja mapema tungeliokoa hili kwa matone tu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia?" Kulwa alikuwa ameketi na mikono magotini. "Nilikuwa naulizwa kila siku asubuhi," akajibu. 

Watu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Waliisema masijala, waliisema uhasibu, Meneja aliisema kwa huzuni kabisa. Mpaka leo nikiisikia damu inanichemka. Methali hiyo ni ya watu ambao hawajawahi kuandikiwa barua ya kujieleza. Mkataba wa Kulwa ulifika mwisho, haukuendelezwa, na barua ilimtakia kila la heri. Edgar alikwisha kurudi Dar es Salaam, na safari ile ya mtaalamu haikutajwa tena. Doto alikuja kumchukua mwenzake. Pale stendi alimwongoza kwa kumshika kiwiko, bado hajajua kwamba anayeongozwa ndiye anayepaswa kushika, wakawa wanagongana kila hatua. Nililia mbele za watu na sikujali. Msimu huohuo tawi la Igunga lilikataa kuutumia mfumo, na mengine yakafuata, na kwa kuwa aliyeujua hakuwepo, wakubwa wakaandika dokezo fupi wakauzima. Faili zikarudi kupanda ngazi. Mimi niliacha kazi mwaka huohuo, nikaenda kufundisha kompyuta karibu na Kipalapala, na huko hatukusimama.

Nilifika Choma jua likiwa limeanza kuinama, mama wa watu ameshazikwa. Niliwapa pole wanawake, nikalia nao, kisha Doto akanipeleka alipokuwa Kulwa, kwenye mkeka ukutani upande wa nyuma, mbali kidogo na wanaume wengine waliokuwa wakizungumza habari za malisho. Amenenepa. Macho yako wazi na yametulia, mtu asiyejua angedhani anatazama zizi. "Mwadila, Kulwa," nikamwamkia kwa Kisukuma. Akageuza kichwa. "Sesilia," akasema, na akanyoosha mikono yote miwili. Tuliketi. Aliniuliza binti yangu, akaniuliza mvua za Tabora. Nikamuuliza nyumbani, akasema wote salama, ila mama ndiyo hivyo. Doto akaenda kutuletea chakula.

"Mfumo wetu unaendeleaje?" Kulwa akaniuliza.

Sikumwelewa mara moja. Akadhani sikusikia, akanisogelea. Alisema usingizi ukimkataa huupitia wote kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na kuna sehemu moja ya majina ya wakulima ambayo hata leo angeiandika vizuri zaidi. Edgar aliwahi kumpigia simu akamwambia umeenea hadi mikoa mingine. Wenzetu wawili waliopita Igunga walimwambia unafanya kazi vizuri sana. "Na Doto huniambia mbegu zimewahi," akasema. "Kila mwaka. Nikisikia hivyo najua ni ule wetu. Macho yalikwenda, sawa. Lakini hayakwenda bure."

Nilimwangalia usoni. Nilikuwa na lile jibu la nzuri tayari mdomoni, lilikuja lenyewe, na nilikasirika kulikuta pale. "Ulizimwa, Kulwa," nikasema. "Msimu uleule ulipoondoka. Walirudi kwenye faili."

"Msimu uleule?"

"Uleule."

 Wanaume kule walikuwa wanabishana kuhusu ng'ombe wa mtu. Doto akaja na sinia la ugali na nyama, akaliweka mkekani, akarudi na jagi la maji na beseni, akapiga goti mbele ya ndugu yake kumnawisha.

"Doto," Kulwa akasema, "mwaka huu mbegu zilikuja lini?"

Doto alinitazama. Nikamtazama. Alikuwa ameshika jagi limeinama nusu, na maji hayajaanza kutoka.

"Zilichelewa," akasema.

"Na mwaka jana?"

"Nawa, Kulwa. Chakula kinapoa."

Kulwa akanyoosha mikono. Doto akamimina polepole, jagi lote, na maji yalipokwisha mikono ile ilikuwa bado imenyooshwa.